Safari ya Kilwa: Miti Yenye Wenyewe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kusini huvuka mto Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Kabla ya mwaka huo watu na magari walivushwa kwa pantoni, na masika yakizidi njia ilikatika, nchi ya kusini ikabaki peke yake. Wasafiri walilalamika, na hapana awezaye kuwalaumu. Walakini taabu ile ilikuwa na faida moja ambayo hapana aliyeihesabu, nayo ni kuwa miti ilikaa, kwa sababu gari la magogo halikuwa na pa kupita. Daraja lilipokwisha wakaenda kusini walimu, na dawa, na jamaa waliopotezana miaka mingi; na nyuma yao wakaenda wenye misumeno.

Ukifika Nangurukuru, njia moja yageuka mashariki kwenda baharini mpaka Kilwa Masoko, na nyingine yaingia bara kuelekea Njinjo na Liwale. Sisi tulizifuata zote mbili, na tulianza na ile ya baharini, kwani si adabu kwa Mwislamu kufika Kilwa asiende Kisiwani.

Kilwa ni tatu. Iko Kivinje, ambayo jina lake hunasibishwa na mivinje ya pwani. Iko Masoko, penye ofisi za serikali. Na iko Kisiwani, mji wa masultani, ambao kwa mashua si mbali na Masoko. Msikiti Mkuu ungali umesimama pale, sehemu yake ya kaskazini ikiwa ndiyo ya kale zaidi, na sehemu pana yenye kuba ikiwa ni nyongeza ya zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Ni katika ufalme wake huyo alipofika Ibn Battuta mwaka 1331. Mgeni wa leo huona mawe matupu, akadhani kuwa watu wa kale walikuwa watu wa mawe. Lakini Ibn Battuta, ambaye aliuona mji ungali hai, alichokisifu katika majengo yake ni mbao. Na huko Mombasa alikopitia kabla, alieleza kuwa misikiti yake ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa uthabiti.

Fundi wetu, ambaye hajasoma kitabu cha Ibn Battuta, aliona jambo hilo hilo kwa jicho lake. Alisimama ndani ya magofu ya nyumba moja akaunyosha mkono ukutani, akasema, "Vyumba hivi ni vyembamba kwa sababu ya boriti." Na ndivyo ilivyo katika nyumba zote za mawe za pwani yetu: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari. Mfalme na tajiri walijenga kwa kadiri ya mti ulivyowaruhusu. Boriti zimeoza, milango imekwenda, na mawe ndiyo yamebaki kutoa ushahidi.

Mawe hayo yamepata watetezi. Mwaka 1981 UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Na baada ya matengenezo yakatolewa humo mwaka 2014. Tulifurahi kuyajua hayo. Hata hivyo, wakati mawe yalipokuwa yakitoka katika orodha moja ya hatari, miti ya bara yake ilikuwa yaingia katika orodha nyingine, na habari hii ya pili haikupigiwa ngoma.

Sasa na tueleze kilichotupeleka. Msikiti wa mtaa wetu ulikuwa na mlango ulioliwa na mchwa upande wa chini, hata kuku wakawa waingia. Sadaka za Ijumaa zilikusanywa muda wa miaka miwili kwa ajili ya mlango mpya wa mbawa mbili, wenye miimo na kizingiti cha mti madhubuti. Siku moja baada ya swala akaja mfanyabiashara mmoja, ambaye hatumtaji, akatuambia kuwa anazo mbao za mninga, safi, kwa nusu ya bei ya dukani, naye atazileta mwenyewe usiku. Tukamwuliza hati ya kusafirishia mbao hizo na leseni ya aliyeukata mti. Akacheka akasema, "Maalim, hata mbao za msikiti zadaiwa karatasi?"

Wako waliocheka naye. Na wako waliosema kuwa nia ni njema, na nyumba ni ya Mwenyezi Mungu, na mti wa mwituni hauna mwenyewe. Kijana mmoja, ambaye twamsifu kwa kuwa alileta hoja na si kelele, alikumbusha mapokezi kwamba watu wameshirikiana katika vitu vitatu, maji na malisho na moto; basi akauliza, mti ulioota wenyewe na kunyweshwa na mvua, umekuwaje mali ya mtu?

Katika darsa za fikihi ulimo mlango wa ghasbu, yaani kuchukua kitu cha mwenzio kwa dhuluma, na wengi hudhani kuwa mlango huo wahusu wanyang'anyi wa njiani tu. Imamu Nawawi katika Minhaji anayo mas'ala ya boriti iliyochukuliwa kwa ghasbu kisha ikajengewa. Hukumu katika madhehebu yetu ya Kishafi ni kuwa boriti hiyo itolewe irudishwe kwa mwenyewe, ijapokuwa jengo litabomoka. Na ubao huo ukitiwa katika chombo hukumu ni hiyo hiyo, ila ikichelewa roho ya mtu au mali isiyo na hatia kupotea. Wanazuoni wa Kihanafi wamekhitalifu. Wao waona kuwa aliyejenga atalipa thamani yake. Lakini tazama mfano wanaoupiga: ni "saja", ubao wa saji, na neno hilo ndilo msaji wetu, mti wa milango mingi ya Unguja. Basi wanazuoni wa zamani walikwisha kukaa wakabishana juu ya ubao mmoja wa mlango kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Ama ile hoja ya kijana, jawabu lake ni hima. Mtume s.a.w. aliitenga ardhi ya Naqi' iwe hima, na miti ya haramu ya Madina aliikataza isikatwe. Sayyidna Umar r.a. naye alitenga hima ya Rabadha, akamwusia msimamizi wake awaache maskini wenye wanyama wachache waingie kulisha, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kwa hiyo mahali palipotengwa kwa manufaa ya watu si pa kila apitaye na shoka. Na katika nchi yetu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanakijiji uwezo wa kuutenga msitu ulio katika ardhi yao, wakautunza, wakauvuna kwa mpango, na ushuru wake ukawa wao. Miti yake ina wenyewe, tena wengi, na miongoni mwao wamo mayatima na wajane. Tukasema, basi na twende tukawaone wenyewe.

Kijiji tulichofikia kiko ndani, mbali na lami, na jina lake tumeliacha kwa kuwa wenyewe hawakutupa ruhusa ya kuliandika. Tulipokewa na mzee wa kamati ya maliasili, mtu wa maneno machache, aliyetuuliza kwanza habari ya watoto, kisha habari ya njia, kisha akanyamaza mpaka tulipokwisha kuswali adhuhuri. Baadaye akachukua utepe wa kupimia na panga, tukafuatana.

Vijana tuliokuwa nao walitaka sana kuuona mpingo, na walitazamia mti kama mbuyu. Mzee akawasimamisha mbele ya kijiti kilichopinda, chenye miiba, magome yake ya kijivu, na urefu usiofika paa la ghorofa. Wakatazamana. Hakika mpingo ni mti mnyonge wa sura. Mara nyingi hugawanyika shina tangu chini, na aghlabu hujipinda, hata katika mingi wapatikana michache tu iliyonyoka. Thamani yake imo ndani. Nje ya shina ni mti wa manjano usio na kazi kubwa, na katikati ni moyo mweusi, mzito hata ukiutia majini wazama, na mgumu hata msumeno hutoa moshi. Kutoka humo Wamakonde huchonga vinyago vyao, na viwanda vya Ulaya hufanyia klarineti na namna nyingine za zumari, kwa sababu hapana mti mwingine wanaoupenda kama huo kwa sauti. Hatuandiki haya ili kufutu juu ya zumari. Mas'ala hayo yana mahali pake. Twataka msomaji ajue ya kuwa mpingo mwingi wa kazi hiyo duniani hutoka Tanzania na Msumbiji, na kwamba katika gogo zima lifikalo kiwandani ni sehemu ndogo, chini ya sehemu moja katika kumi, iwayo chombo. Kilichobaki ni vumbi na vipande vyenye ufa.

Mzee aliuzungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, akasoma, akatikisa kichwa. Sheria hairuhusu kukata mpingo ambao upana wa shina lake haujafika sentimita 24. Kijana mmoja akasema kuwa sentimita 24 ni kidogo. Mzee akamjibu, "Mwanangu, ni kidogo kwa utepe." Kisha akaeleza kuwa mti huo alioupima aliukuta hapo tangu yeye mvulana mchunga ndege shambani, na bado haujafika. Wajuzi wa misitu wakadiria miaka 70 hadi 100 kwa mpingo kufikia kuvunwa. Tuliikumbuka ile hadithi ya mtu aambiwaye aupande mche alioushika mkononi ijapokuwa Kiyama chasimama. Mpingo ndio mti wa hadithi hiyo, kwa kuwa aupandaye hana tamaa ya kuula mwenyewe.

Adui mkubwa wa mche wa mpingo, alivyotueleza mzee, si msumeno. Ni moto. Kila kiangazi nyasi hukauka, na moto wa mwisho wa kiangazi huwa mkali, huchoma miche yote ya mwaka, ijapokuwa mizizi mingine huchipua tena. Kwa hiyo wanakijiji huwahi wao kuchoma mapema, nyasi zingali na ubichi, ili moto uwe mdogo upite chini usiue. Ni kazi ya jua kali na moshi, na haina ujira mkubwa. Tulipowaona vijana wa doria wakirudi na matawi mabichi ya kuzimia moto, nyuso zimejaa masizi, tuliona kuwa neno "kuhifadhi," ambalo katika magazeti husomeka kama kazi ya kukaa na kutazama, lina jasho jingi.

Twadhani ni wajibu wetu kuwafahamisha wasomaji maana ya hizo orodha za hatari, kwani watu huzichanganya. Shirika la uhifadhi la dunia, IUCN, hupima hali ya viumbe na kuvipa daraja. Mwaka 1998 mpingo na mvule iliandikwa katika daraja la walio karibu na hatari. Maana yake si kwamba imekwisha, bali ikiachwa hivi hivi itaingia. Na mpingo kweli haujaisha: porini kusini utauona mwingi. Walioisha mahali pengi ni wazee wake, ile miti minene iliyonyoka ambayo ndiyo itoayo mbegu nyingi na mbao safi. Huko Kenya mpingo umepungua hata wachongaji wengi wa Kikamba wamehamia kwenye mwarobaini na mwembe. Na kwa dunia nzima, hesabu iliyotangazwa mwaka 2024 yasema kuwa katika aina zaidi ya 47,000 za miti zilizopimwa, zaidi ya 16,000 ziko katika hatari ya kutoweka.

Orodha ya pili ni ya mkataba wa CITES, ambao kazi yake ni biashara baina ya nchi na nchi. Jamii ya mpingo iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili kwenye mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, hukumu ikaanza Januari 2017; kwa hiyo gogo la mpingo haliwezi kuvuka mpaka bila kibali. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikasamehewa. Na katika mkutano uliofanyika Panama mwaka 2022 ikaingizwa pia mikongo na mininga yote ya Afrika, kuanzia Februari 2023. Mkongo ndio ambao watu wa Mombasa na Lamu huuita mbambakofi, na watoto huujua kwa mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Kiambatisho hicho hakizuii kununua na kuuza. Chataka biashara iwe na hati na isizidi uwezo wa mti. Wala hakigusi ubao ukatwao Kilwa ukauzwa Temeke. Huyo aununuaye Temeke hana mlinzi wa mpakani wa kumwuliza. Amebaki na dhamiri yake.

Na hapo ndipo penye jeraha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 juu ya biashara ya mbao za kusini ulionyesha kuwa ushuru uliopotea baada ya daraja kufunguliwa ulikuwa mwingi mno, ukikadiriwa kufika 96 kwa mia ya ule uliopasa kulipwa, na kuwa mbao zilizoandikwa kuingia China kutoka Tanzania zilizidi mara kumi zile zilizoandikwa kutoka kwetu. Mtu akitafakari hesabu hiyo hatasema tena kuwa karatasi ni usumbufu. Mzee aliieleza kwa njia yake. Alisema zamani hizo gari lilikuja usiku, mwenye gari akawapa vijana fedha ya sigara na mchele kwa gogo moja, na asubuhi kijiji kikaamka na kisiki. "Tukawa maskini," akasema, "wenye visiki vya matajiri."

Mambo yalianza kubadilika pale vijiji vilipoanza kutenga misitu yao kwa sheria ile ya 2002. Mwaka 2009 vijiji viwili vya wilaya ya Kilwa, Kikole na Kisangi, vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa lithibitishalo kuwa msitu unavunwa kwa haki na kwa kiasi. Navyo vilikuwa vya kwanza Afrika kukipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Vingine vikafuata. Katika kijiji tulichokuwapo tulionyeshwa kisima na madarasa mawili, na tulionyeshwa pia daftari la mapato, lililowekwa wazi mezani, likiwa na madoa ya chai. Si kwamba kila kitu ni asali. Wako waliolalamika kuwa kamati hujipendelea, na kijana mmoja alisema waziwazi kuwa wizi haujakoma, umehamia kijiji kisicho na doria. Tuliyaandika hayo pia.

Siku ya tatu mzee alitupeleka kwenye mkongo uliofika kipimo, mrefu, shina lake kama nguzo ya msikiti. Kabla ya kukatwa ulipimwa, ukaandikwa, ushuru wake ukalipwa mezani mbele ya watu. Na ulipolala, kisiki na gogo vyote viwili vikapigwa nyundo yenye alama. Fundi alitupa kipimo cha mbao zitakazotoka, na hapo ndipo hesabu ilipotushinda. Fedha ya mlango mzima kwa bei ya yule bwana wa usiku ilitosha kwa haki miimo, kizingiti, na ubawa mmoja tu.

Tuliporudi kamati ya msikiti ilikaa kutwa. Wako waliosema kuwa tumekwenda mbali kununua nusu ya mlango. Kijana yule wa hoja ndiye aliyewajibu, tena kwa mfano wa mimbari ya Mtume s.a.w., ambayo ilitengenezwa kwa mti wa athli kutoka Ghaba, na ilikuwa na daraja tatu tu. Mwishowe wakakubali. Mbao zile za mninga tumesikia zilipata mnunuzi mwingine wiki hiyo hiyo.

Leo ubawa wa kulia wa mlango wetu ni wa mkongo, mwekundu, mzito, na alama ya nyundo fundi ameiacha upande wa ndani ionekane. Ubawa wa kushoto ni mbao za mwembe, na fundi amesema mchwa watauanza kabla ya miaka mitatu. Sadaka za gogo la pili zinakusanywa. Mzee ametupelekea salamu kuwa mti wetu umekwisha kupimwa na kuandikwa, nao utasimama hapo ulipo mpaka masika yapite na njia ikauke.